Risiti Hadi Jumamosi

Zaza aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja
kama mtu anayerudisha chenji yenye walakini.
"Milimita hamsini. Haivuti. Ukitaka karibu, tembea.
Ukitaka mbali, rudi nyuma, ila angalia ngazi."
Kisha akalifungua kabati la kioo, akanionyesha ile nyingine:
nzito, shingo ya chuma, pete ya shaba,
bei yake kodi yangu ya miezi mitano.
Nikaishika. Nikairudisha polepole.

Nikanunua ya plastiki. Risiti ikasema:
kurudisha ni kabla ya Jumamosi, saa nne asubuhi.

Siku ya kwanza nilibandika gazeti ukutani
nikalipiga picha kama mtuhumiwa.
Katikati, kila herufi imesimama wima;
pembeni zimelegea, zimelewa,
tangazo la kuuza ng'ombe limegeuka ukungu.
Nikapiga matawi makavu ya mjozi wa uani:
kila kitawi kimevaa uzi wa zambarau
ambao Mungu hakuufuma.
Na injini yake, inapotafuta shabaha,
hulia kama nzi ndani ya kopo.
Rahisi ghali, nikajiambia, nikaiweka risiti
chini ya kisahani cha chumvi, isipotee.

Kizuri hakikosi ila, sawa,
lakini ila ngapi? Na nani anahesabu?

Alhamisi, saa kumi alfajiri, nikashuka
ngazi tisa hadi kwenye tanuri la baba,
Kutaisi, mtaa wa nyuma ya reli.
Mle mna balbu moja, na moto.
Lenzi yangu ya zamani, iliyokuja na kamera,
mle ndani ilinipa makaa na matope.
Hii nikaifungua tundu lote, hadi mwisho,
na giza likaingia likiwa na vitu ndani yake:
vumbi la unga, jasho kwenye kope,
baba, Otari, miaka sitini na minane,
akijitumbukiza hadi kiunoni
kubandika donge kwenye ukuta wa moto,
miguu juu kidogo, kama aliyeangusha pete kisimani.

Akaibuka. Nikabonyeza.
Jicho la kushoto: kali, hata cheche imo.
Sikio la kushoto: limekwenda zake.

Akaomba aione. Si picha, lenzi.
Akaipima kiganjani apimavyo donge,
akairusha, akaidaka
(moyo wangu ulichelewa kushuka).
"Nyepesi," akasema. "Umepunjwa gramu mia mbili."
Akarudi motoni.

Nyumbani nikazikuza picha kwenye kompyuta,
nikaenda moja kwa moja pembeni, kwenye makosa,
kama asomaye barua ya mapenzi akisaka tahajia.
Na pembeni, kulia, chini ya dirisha la kuuzia,
alikuwepo mama.
Sikuwa nimemwona. Anahesabu sarafu,
kofia ya sufi hadi nyusini,
na uso wake umelegea
kama lile tangazo la ng'ombe.

Nilikaa naye muda mrefu.
Kwanza, kusema kweli, niliilaumu lenzi,
nikahesabu miezi mitano ya kodi kwa vidole.
Kisha nikafungua picha zangu zote za tanuri lile,
miaka sita: moto, baba, moto,
mkate, baba, mkono wa baba.
Hata pete ya shaba isingemsogeza mama
kutoka pembeni nilipomweka.

Ijumaa nikashuka tena. Haivuti, tembea.
Nikampita baba kwa nyuma, nikaruka gunia,
hatua nne, ya tano nikamkanyaga paka,
nikasimama mbele yake.
"Mbona unanisogelea hivyo?" akasema. "Nimefanya nini?"
Injini ikalia nzi wake. Ikakosa.
Ikatafuta. Ikampata.

Jumamosi, saa nne, Zaza alifungua duka.
Mimi nilikuwa nimelala fofofo,
unga umeganda kwenye pete ya plastiki.
Risiti ingali chini ya chumvi.
Na pembe, nikizitazama, zingali zimelewa.