Trei ya Tatu

Zablon Okumbe aliwahi kutengeneza meno.
Miaka kumi na tisa, nyuma ya soko la Kibuye,
alikaa na vinywa vya watu mkononi
hadi wateja wakahamia kliniki za ghorofani,
naye akabaki na jiko, plasta,
na mkono usiotetemeka.
Sasa anamimina askari.

Urefu wao ni pingili moja ya kidole gumba.
Anawapanga katika trei za mayai,
kila mmoja na shimo lake,
bei kwa chaki ukutani: sabini.

Nina elfu moja na mia tano,
na Jumamosi nina vita.
Wekhomba amekwisha kununua Wajerumani wake,
amewapaka hadi vifungo.

Basi nachagua, kama anayechagua nyanya.
Huyu ana mshono wa kalibu shavuni, kovu la bure.
Huyu bunduki imepinda, nitainyoosha kwa maji moto.
Huyu uso wake ni wa mtu anayesikia
jina lake likiitwa kutoka ng'ambo ya mto.
Namweka kando. Wangu.
Huyu ana buti.

"Zablon, mwaka wa kumi na nne hawakuwa na buti.
Walipanda vilima vya Kisii miguu mitupu."
Akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Mwalimu, vidole vya miguu ni vidogo mno.
Risasi haifiki huko."

Sikucheka. Lugha yetu bahili:
neno moja kwa madini yaliyomo sufuriani
na kwa kinachotoka mtutuni.

Trei ya pili, maofisa. Kofia pana, darubini,
mmoja na mbwa.
Mbwa ametoka vizuri kuliko wote, hata ulimi.

Trei ya tatu ilikuwa chini ya benchi, imefunikwa gunia.
"Hiyo acha. Hiyo inarudi jikoni."
Nikaivuta.

Wapagazi.
Kalibu moja tu, jaribio la mwaka juzi:
mtu ameinama, sanduku kichwani, mkono mmoja juu.
Madini yaliingilia mzigoni,
yakajaza sanduku, pembe zote, hadi misumari,
kisha yakapoa njiani.
Wengine nyuso zimefutika.
Wengine wameishia magotini.

"Nani anunue wapagazi? Hawapigi mtu.
Kitabu cha mchezo hakiwapi hata pointi moja."

Nikauliza bei.
Akaleta mizani, ile ya meno ya dhahabu.
"Kwa uzito," akasema, kisha akanyamaza,
maana mmoja wao alimshinda askari na bunduki yake
kwa gramu tatu.

Nikarudisha maofisa wote.
Mbwa nilimbakiza.

Upande wa mama, Butere, kuna mtu
tunayemtaja kwa kazi tu: yule wa kariakoo.
Jina halijulikani, kaburi wala mtu haulizi.
Sisemi ndiyo sababu.
Zablon sikumwambia.

Usiku nikawapiga tupa, nikawabandika
katika nyasi ndefu za nyuzi za katani
ili wasio na miguu wasijulikane.
Mapishi ya rangi ya askari ninayo:
kaki mbili, kahawia tone.
Ya hawa sina. Nilitumia mabaki,
buluu ya mlango wa choo,
wekundu wa kucha za dada yangu,
na mmoja nilimwacha hivyo hivyo, kijivu,
kwa sababu rangi iliisha, si kwa sababu nyingine.

Jumamosi Wekhomba alitikisa dadu kiganjani,
akatazama vilima vyangu vya sponji,
mzinga wangu mmoja,
na mstari ulioanzia nyuma yake.
"Hawa nao wanafanya nini?"
"Wanabeba."
"Wana pointi ngapi?"

Nilikuwa bado napanga.
Mstari ulipita daraja, ukapita kijiji cha kadibodi,
ukafika ukingoni mwa meza,
na bado kumi na mmoja hawakupata nafasi.
Nikawasimamisha juu ya friji,
na friji ilipowaka
wakaanza kutetemeka, polepole,
wakielekea upande wetu.