W ya Ikuti

Mvua ya Tukuyu haijui kubisha hodi.
Ilitufungia kibarazani kwa Gwantwa, mafundi watatu
na kijana wa chuo mwenye daftari,
anayemuuliza kila mwenye mikono:
kazi ipi, katika zote, ukiikumbuka unanyamaza?

Lusekelo seremala hakunyamaza hata kidogo.
Mimbari ya Katumba, alisema, mninga mtupu,
haina msumari hata wa dawa,
mchungaji akiipiga ngumi inaitika.
Alieleza mimbari ile hadi chai ikapoa.

Gwantwa akakata uzi kwa meno.
Koti, akasema. La mtoto wa dada yangu.
Nililishona kubwa, makusudi, akue nalo.
Akarudi kwenye cherehani yake.
Hatukuuliza.

Nikabaki mimi, Mligo, Mbena wa watu, mwandika mabango.
Kijana alitazamia lile bati la njia panda ya Kiwira,
herufi ndefu kuliko mtu,
au basi la Kyela nililoliandika kisogoni HASIRA HASARA,
likarudi tope limekula neno la pili,
likazunguka wilaya nzima na HASIRA peke yake.
Watu walicheka. Nami nikacheka.
Halafu nikamwambia habari ya Ikuti.

Alikuja mama mmoja, Subilaga, kwa miguu,
mkungu wa ndizi kichwani: hayo ndiyo malipo.
Mumewe amelala migombani, saruji bado mbichi,
anataka jina.
Alinitamkia mara moja.
Kinyakyusa changu wakati ule kilikuwa cha sokoni,
cha kuhesabia viazi.
Nikachora kwa msumari wa nchi nne kile nilichosikia:
ANGOLISYE.
Nikajaza rangi nyeusi ndani ya mifereji,
herufi zikasimama kama wanafunzi mstarini.
Mama hakujua kusoma. Alipitisha kidole,
polepole, tangu mwanzo hadi mwisho.
Ndaga, akasema.
Nami nikaenda nikala ndizi zake.

Miaka kumi na mmoja alipapasa jina lile
kila alipokwenda kukata majani ya ng'ombe.
Kisha walimu wa ngumbaru wakafika kanisani kwao,
akakaa benchi la mbele na miwani ya kuazima.
Sijui ilikuwa siku gani. Najua ilikuwa baada ya kufika W.

Hakuja na maneno makali. Alikuja na daftari.
Alilifungua mezani kwangu, katikati ya makopo na tepentaini,
penseli imebonyezwa hadi ukurasa wa nyuma:
Angolwisye.
Maana yake, fundi, Mungu kaninyoosha.
Wewe umempinda kidogo.

Tulipanda pamoja hadi Ikuti, tindo begani.
Kati ya L na I hapakuwa na nafasi ya sisimizi.
Nikaamua kuipachika juu, ndogo,
na kimshale chini yake,
kama mwalimu anavyosahihisha.
Nikachimba mguu wa kwanza.
Nilipoinua nyundo kwa wa pili, alinyoosha mkono.
Nipe, akasema.

Saruji kavu ina kiburi.
Alipiga hadi kitenge kikafunguka, akakikaza, akapiga tena,
vumbi jeupe nywelenibila yeye kujali,
na ndama akitutazama kana kwamba tunavunja nyumba.
Mguu wa pili ukaenda upande.
Wa tatu ukaurudia kosa lile lile.
Wa nne, sitaki kuusema.
Mimi, niliyewahi kufuta bango zima kwa ajili ya nukta,
nilikaa juu ya jiwe nikashika kopo la rangi.

Kazi yangu ndiyo hiyo, nikamwambia kijana.
Robo ya herufi.

Akauliza kama ipo picha.
Haipo. Kaburi lipo, nenda.
Utando wa kijani umekwisha kuila A
na mkia wa Y, maandishi yangu yale ya kistadi.
W haujaiweza.
Mama yule aliichimba mno.
Maji ya mvua hukaa humo,
na vifaranga hunywa.