Wembamba wa Nyama

Tarehe mbili, mshahara ungali na joto mfukoni,
nilikuwa nikitoka ofisini na kushika njia ya Ganjoni
kwa Mtaliano, kununua sandwichi moja.
Moja tu. Bei yake pakiti mbili za unga, na sukari juu.
Mke wangu hajui. Nawe usimwambie.

Sikufuata jina; jina halitafuniki.
Niliufuata mkono wa Mwanamkasi kwenye mashine,
nyama ya ng'ombe iliyokaushwa ikishuka nyembamba
hata ukiiinua unaona ua la leso yake ng'ambo ya pili.
Hakuipanga kama vigae. Aliiangusha, ikajikunja ipendavyo,
hewa ikapata pa kukaa.
"Ukiilaza," alisema, "umeichinja mara ya pili."

Na mkate? Boflo la Kuze, la tanuri la kuni,
likikatwa linalia kha!
na chembe zake zinakurukia tai.
Mtaliano alileta unga wa kwao, ukashikwa bandarini hadi ukaota wadudu;
siku moja akaonja boflo, akanyamaza,
kesho yake akaagiza hamsini.

Mafuta ya zeituni kwa kidole, kwani kijiko hakijui pa kukomea.
Jibini linalonuka buti la askari, ila ukilitafuna unalisamehe.
Pilipili mbili za siki.
Kisha rihani, majani mabichi, yale yale ya kikuba:
mara ya kwanza nilicheka,
bibi harusi ndani ya mkate!

Moyo ulimrudisha Mtaliano kwao.
Akaja Bwana Nassoro na mizani: gramu sabini, zisizidi,
nyama nene, mraba juu ya mraba,
mkate ukiubonyeza haurudi, kama pesa ya kukopesha.
Jibini la kuvuliwa nailoni. Rihani ya kopo, kavu kama tumbaku.
Bei ikapanda, na bango likapanda: HALISI.
Nilivumilia miezi miwili. Wa tatu niliacha nusu;
paka wa Ganjoni aliinusa nyama, akaniangalia mimi.

Juzi sikuingia kununua, niliingia kusalimu.
Mwanamkasi alitazama mlango, akafungua kikapu chake,
akatoa boflo, chakula chake cha mchana,
akatia noti yake mwenyewe kwenye droo,
akazungusha kifundo cha mashine hadi pale pa zamani.
Rihani ilitoka kwao, imefungwa katika ncha ya leso.
"Nusu yangu, nusu yako. Usizoee."

Nilikula nimesimama, kando ya ukuta wenye jua.
Mafuta yakateremka hadi kiwiko,
nami, karani wa miaka hamsini na miwili, nikayafuata kwa ulimi.

Nyumbani, Rukiya alinipangusa chembe kwenye kola,
akasita,
akanusa tena, polepole.
"Harusi ya nani," akauliza, "siku ya Jumatatu?"