Stempu Thelathini

Jumanne alasiri, sinema ya Bradford, watazamaji kumi na mmoja,
na Dzintra kiti cha pembeni, koti lingali majimaji.
Filamu ni ya fundi saa wa Riga.
Fundi saa ni mtu wa Surrey, mwenye meno mazuri.

Kitandani, taa imezimwa, komeo mlangoni,
yeye na mkewe tu, anamnong'oneza:
"Mimi penda wewe. Vita nakuja."
Herufi r inambingirika kama pipa kwenye ngazi.
Mstari wa mbele mtu anachekea puani.

Anayavunja maneno kwa ajili ya nani?
Mgeni ni nani humo chumbani?

Visvaldis, baba yake Dzintra, aliijua lafudhi hiyo.
Aliivaa kila Ijumaa pamoja na kofia
akienda posta.
"Stempu selasini."
Karani, aliyemwelewa tangu mwaka wa kwanza,
alitega mkono sikioni: "Ngapi?"
"Selasini."
"Ngapi, mzee?"
Hapo aliinua vidole vyote kumi, mara tatu,
mtu aliyesoma Kilatini.

Lakini nyumbani, kofia ikishatundikwa,
maneno yalimtoka yamepigwa pasi.
Alimtania mama kwa mafumbo hadi supu ikafurika jikoni,
aligombana na redio, akailaani mvua
kwa vitenzi ambavyo Dzintra
hajaviona bado katika kamusi yoyote.
Kikwao hakikuwa na lafudhi. Kilikuwa sauti yake, basi.

Lafudhi ya posta
wameilaza kitandani.

Na nani aliyewapa?
Mwaka juzi, chumba kisicho na dirisha, pauni mia mbili,
kijana mpole mwenye kinasa sauti:
"Tusomee kama baba yako angesoma."
Akasoma. "Zaidi kidogo," kijana akasema,
naye akaongeza.
Kumbe alikuwa na furaha siku ile. Kumsikia tena.

Anangoja majina yapande yote, wapishi, madereva,
mpaka lake: Zintra, d imeanguka njiani.

Nje, msichana wa tiketi anauliza ameionaje.
"Si mbaya," anajibu,
kwa Kiingereza cha Bradford, cha haraka, kilichomeza nusu ya irabu,
kile ambacho baba, hadi wiki ya mwisho,
alimwomba akirudie:
"Ngapi, mwanangu? Umesema ngapi?"