Dhamana

Nimefunga. Uliza tena ukitaka,
nitajibu tena: nimefunga.
Fundo la nane, kamba imerudi njia ileile iliyokwenda,
nimelivuta mara mbili, na mara ya tatu kwa ajili yako,
maana naona macho yako yanavyolikagua
kama hundi yenye saini ngeni.

Sasa kalia mkanda. Egemea nyuma, uniachie uzito.
Nakushusha.
Chini kuna jiwe moja bapa, pana kama mkeka wa kuswalia,
Tanganyika inalilamba;
ukishafika hapo, njia ya kurudi Katonga
ni hii tu, ya juu.

Haya. Kulia kwako, hilo tunaliita Sahani.
Lile linalong'aa ni Mawese, usiliamini hata likikauka.
Juu yake kuna ufa: ingiza mkono mtupu,
ukunje ngumi humohumo.
Usiukumbatie mwamba. Kila mwenye hofu huukumbatia,
nao humsukuma kwa kifua.
Simamia miguu. Mguu ukicheza kama mfuniko wa sufuria
teremsha kisigino, moto utapungua.

Pimbi wanakuchungulia.
Wao hupanda hapa bila kamba,
na hawadaiwi.

Hunikumbuki. Sitakukumbusha.
Mwaka juzi, mwezi wa nne, mvua ikipiga bati la benki
hata tukawa tunasemezana kwa kupaza sauti,
ulipitisha kalamu juu ya fomu yangu bila kuigusa:
jina, Ntibayizi; kazi, kuongoza wapanda miamba.
Wapanda nini?
Nikarudia.
Dhamana?
Nikasema mwamba upo, haujawahi kuhama.
Ukacheka, wala si kwa ubaya,
karani wa dirisha la pili akacheka kukusaidia,
ukaandika neno moja kwenye kona ya karatasi
ukaigeuza kifudifudi.

Kamba hii unayoning'inia ni mita sitini.
Mita ishirini ni cherehani ya mke wangu Zilipa.
Mita kumi na tano, madebe ya mawese,
niliyabeba mwenyewe kutoka Simbo.
Zilizobaki ni za shemeji yangu Ruhuza,
na kila Ijumaa hupita nyumbani
kuulizia hali ya watoto,
watoto ambao hajui majina yao.

Usitazame maji.
Najua, yanaita; yako wazi mno,
samaki wa milia wanazunguka mawe ya chini
kama watu wa sokoni wasio na haraka,
unadhani ungeyafikia kwa mkono.
Tazama vidole vyako. Kimoja, kisha—

Umetoka.

Hata kelele hukupiga.
Ilisikika kamba tu, ikikaza,
na kokoto moja ikichukua muda wake kufika ziwani.
Uzito wako wote nimeupokea kiunoni,
bila fomu, bila mashahidi wawili.
Buchumi amenitazama. Nimemtikisia kichwa: yupo.

Yupo. Anapumua.
Pumua.
Sikuharakishi, jua bado halijafika upande huu.
Nimekushika. Nasema nimekushika,
na sijui kwa nini neno hili
limetoka kooni likiwa zito kuliko wewe.

Ulipokuja kutokeza kichwa, ulianza kwa kiwiko,
goti likafuata, mwisho shavu limejaa vumbi jekundu.
Ukakaa umenyoosha miguu kama mtoto.
Ngozi ya kifundo cha mkono ilikuwa imechubuka,
ukaiangalia kwa mshangao, karibu kwa fahari.
Nikakupa maji.
Ukaniuliza jina langu.

Nikalitaja.
Ukalirudia polepole, silabi moja moja,
kama mtu anayesoma mwandiko wake wa zamani
na hauoni vizuri.

Ng'ambo, milima ya Kongo ilikuwa imeanza kuvua ukungu.
"Kamba moja hii," ukasema bila kunitazama,
"inabeba watu wangapi?"
"Mmoja mmoja," nikajibu,
nikainama kukufungua fundo,
lilikuwa limekaza sana, nikatumia meno.