Nyigu Mwenye Mbonyeo

Nilimkuta chini ya magunia ya viazi,
kuku wametaga juu ya kiti chake,
taa ya mbele imening'inia kwa waya mmoja
kama jino la mtoto siku ya mwisho.
Mzee Wawrzyniec akampangusa vumbi kwa kofia:
"Huyu ni Osa. Aliundwa Warszawa, enzi zile
tulizopanga foleni hata kununua sabuni."
Osa, kwa lugha yetu, ni nyigu.
Nyigu asiye na sauti wala mwiba.
Tukapatana bei. Mayai akaniongezea bure.

Mimi si fundi wa pikipiki.
Miaka thelathini na minne nimechonga meno bandia;
nusu ya Lublin inatafuna kwa kazi ya vidole vyangu.
Basi kabureta ilipofika mezani, imeziba,
petroli ya kale imegeuka gundi,
nilichukua kisindano cha kusafishia mzizi wa jino,
nikaingia tundu kwa tundu,
nikajisikia nikinong'ona: "Panua kidogo. Hivyo."

Majira matatu ya baridi, gereji namba kumi na saba,
theluji mlangoni imefika magoti.
Jirani yangu Gerwazy huleta chupa ya chai
na ushauri ambao hakuna aliyeuomba.
Pistoni iliganda. Tukailoweka, tukaigonga,
tukaitukana, tukaiomba radhi.
Nati moja ilikataa siku tisa;
siku ya kumi ikafunguka kwa vidole vitupu
kama mgomvi aliyechoka kununa.

Kisha msasa.
Chini ya nyekundu, kijani.
Chini ya kijani, buluu ya kupakia mageti.
Chini kabisa, weupe wa maziwa yaliyolala:
kwenye kipimo changu cha meno ni herufi A, namba tatu,
tabasamu la mvuta sigara asiye na deni.
Na ubavuni kushoto, mbonyeo, upana wa kiganja.
"Hapo alianguka dada yangu Pelagia," mzee alikuwa ameniambia,
"kona ya msalaba, mwaka sitini na tatu.
Wanawake na magurudumu!"
Gerwazy akainua nyundo ainyooshe.
Nikamshika mkono.
Jino la kombo haling'olewi kwa ajili ya picha.

Mwezi wa Mei. Kiki ya kumi na moja, akakohoa.
Ya kumi na mbili, akawaka,
moshi ukajaa gereji, njiwa wa mtaa wakahama.
Lita tano za petroli, kikombe cha oili,
nami, bibi wa miaka sitini na sita,
nikaishika barabara ya Nałęczów,
kilomita hamsini kwa saa, malori yakinipita na hasira zao,
mashamba manjano kushoto, manjano kulia.
Nilicheka hadi mdudu akaniingia mdomoni.
Nikammeza. Nikaendelea kucheka.

Pelagia alikuwa getini,
fimbo moja, ndara mbili zisizofanana.
Hakunisalimu mimi; alimnusa nyigu kwanza,
kisha akaweka kiganja ndani ya mbonyeo.
"Nani kakwambia ni mimi?"
Nikamtaja kaka yake.
"Yeye ndiye aliyeanguka! Soseji za harusi mfukoni,
vodka kichwani. Mimi nilimsukuma Osa hadi nyumbani,
na huyo kaka nyuma yangu analia kama ndama.
Asubuhi baba akauliza. Akanitaja mimi.
Sikupewa ufunguo tena."

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Hii ilikuwa na kilomita ishirini na saba
na miaka sitini na miwili.

Sikupata neno la kumjibu.
Nikampa helmeti ya akiba; akaivaa juu ya kilemba chake,
fimbo akaitupia ndani ya ua,
akapanda nyuma, akanikamata kiuno
kwa nguvu ambazo sikuzitarajia.
"Kulia," akasema, "halafu kushoto, penye msalaba.
Na ukifika konani, Bogna,
usinipunguzie mwendo."