Marobota

Hii ni Jumamosi ya tatu tunazunguka.
Kitengela vumbi lilitutangulia kuingia,
likakaa kwenye viti kabla ya wageni.
Tigoni kulikuwa na ukungu mzuri na bei mbaya.
Leo tuko Lang'ata, nyuma ya ua wa mikayaba,
mahali palipokuwa zizi la ng'ombe wa maziwa
na sasa panaitwa mandhari.

Bi Resiato, msimamizi, ana kishikwambi
na buti safi mno.
Anatuonyesha mihimili isiyopigwa randa, makusudi.
Anatuonyesha taa zilizotungwa kama shanga,
madebe ya maziwa yaliyotobolewa yawe vyungu vya maua,
gurudumu la mkokoteni lisilokwenda popote.
"Hapa ndipo bibi harusi ataingilia," ananiambia,
kana kwamba bibi harusi ni mtu mwingine.

Mutinda hasemi kitu.
Amechuchumaa penye marobota yaliyopangwa kuwa viti,
amechomoa unyasi mmoja, anaunusa, anautafuna.
Miaka tisa anauza nyasi kavu pale Dagoretti;
namjua akitafuna hivyo: anapiga hesabu.

"Ni za mwaka juzi," ananinong'oneza.
"Zimenyeshewa. Hata ndama mwenye njaa angegeuza shingo.
Na wanakodisha robota mia tano!
Mimi naliuza mia tatu, na mteja wangu halikalii,
ng'ombe wake analila, linakwisha, anarudi."

Nikacheka vibaya, kwa pua.

Mama nilimpigia simu juzi kumwambia ni ghala.
"Ghala la kuwekea nini?"
La kuniwekea mimi, mama, na watu mia na themanini.
Akanyamaza. Kisha: "Kuna sakafu?"

Sakafu ipo. Ya saruji, ina mfereji katikati
uliokuwa ukipitisha mkojo wa ng'ombe,
sasa umefunikwa kwa zulia jekundu lisilolala sawa.
Nimesimama juu yake,
nimeusikia kwa kisigino ule mteremko mdogo:
kila kitu humu bado kinaelekea nje, kwenye shimo la samadi.

Juu, paa linapokutana na ukuta,
mbayuwayu wamejenga viota vinne vya udongo.
"Vile tutaviangusha wiki ya harusi, visichafue."
"Msiviangushe," nasema.
Sauti yangu inanishangaza. Sijawa na msimamo
juu ya rangi, wala keki, wala idadi ya wasimamizi.
Mutinda anainua kichwa.

Ndipo Bi Resiato anapoanza kutaja bei,
na ndipo mvua ya mwezi wa nne inapoangukia mabati.
Midomo yake inaendelea. Kidole kinachora sifuri hewani.
Hatusikii hata tarakimu moja.
Tunaitikia kwa vichwa, kwa adabu,
kama watu wanaohubiriwa kwa lugha ya kanisa la jirani,
na Mutinda ananishika mkono
kwa ule wake wenye makovu ya waya wa kufungia nyasi.

Mvua inapopungua, anasema kwa sauti ya sokoni:
"Nyasi tutaleta zetu. Kanta moja, mpya, kutoka Naivasha.
Jumapili nakuja kuzichukua,
Jumatatu nauza."
Bi Resiato anatazama kishikwambi.
Hakuna kisanduku cha jibu hilo.

Tumelipa amana. Langoni tope limekamata viatu vyangu,
nami namfikiria shangazi Kalekye,
aliyeapa hakai pasipo na mgongo wa kiti:
atakaa, ataacha umbo lake kwenye robota la mstari wa mbele,
na Jumatatu ng'ombe wa mtu nisiyemjua
atalila lile umbo polepole,
na punje za wali, na jasho la waliocheza.
Utepe hapana. Mutinda atakagua kila robota kwanza.
Utepe, anasema, huua ng'ombe.